Chapa za Sanaa za Kudumu kwa Ofisi ya Mbeya: Nunua Karatasi, Acha Fremu

Kwa ajili ya ofisi yetu iliyopo Forest, jijini Mbeya, tuliagiza chapa tatu za picha za Nyanda za Juu Kusini: maua ya Kitulo wakati wa mvua, nguzo za Isimila karibu na Iringa mjini, na Ziwa Ngosi likitazamwa kutoka ukingoni mwa kreta. Zote ni za ukubwa wa A2, yaani takriban sentimita 42 kwa 59, ni kazi ya mpigapicha mmoja kijana wa Iringa, na zimechapwa na muuzaji wa Dar es Salaam anayepokea oda kwa mtandao na kutuma mizigo mikoani kwa basi. Muuzaji huyo anazinadi kuwa chapa za sanaa za kudumu, na kwa sifa hiyo anatoza bei ambayo wageni wengi wa ofisi yetu wakitajiwa huomba irudiwe. Chapa hizo zimekaa ukutani masika nzima na majira ya baridi yaliyofuata. Ninachoweza kusema ni kwamba zenyewe zinastahili bei yake, lakini fremu zilizokuja nazo hazikustahili kabisa kubeba kazi ya aina hiyo.

Nianze na maana ya kudumu, kwa sababu ndiyo hasa bidhaa inayouzwa hapa. Familia nyingi zina ushahidi wa jambo hili ndani ya albamu. Toa picha nyeusi na nyeupe ya babu na bibi iliyopigwa studio miaka ya 1960, uiweke kando ya picha ya rangi ya harusi ya miaka ya 1980. Ile ya zamani zaidi mara nyingi bado inaonesha mikunjo ya kanzu na vishikizo vya koti, ilhali ile ya harusi imeshageuka nyekundu na nyuso zimepoteza umbo. Ya kwanza imejengwa kwa chembe za madini ya fedha. Ya pili imejengwa kwa rangi za kikemikali, na katika picha nyingi za wakati ule rangi ya saiani, yaani samawati yenye ukijani, ilivunjika mapema hata ndani ya giza la albamu, ikaziacha nyekundu na njano zitawale.

Mashine za kuchapa za siku hizi nazo zina mgawanyiko wa namna hiyo. Wino wa mashine nyingi za bei nafuu ni rangi iliyoyeyuka kabisa katika kimiminika, hivyo molekuli zake hubaki wazi mbele ya mwanga na hewa. Wino wa pigmenti ni chembe ndogo ngumu za rangi. Mwanga ukiila sehemu ya nje ya chembe, ya ndani inasalia. Waliozianzisha kazi hizi walijifunza tofauti hiyo kwa gharama. Mwanamuziki Graham Nash na wenzake walipofungua Nash Editions huko California mwaka 1991, walitumia mashine ya IRIS, ambayo awali ilikusudiwa kutoa sampuli za kukagua rangi kabla ya matbaa kuanza kuchapa, na wino wake wa mwanzo ulisifiwa kwa uzuri na kulaumiwa kwa kufifia upesi. Mashine za wino wa pigmenti zilipoanza kupatikana sokoni kwenye mwaka 2000, ndipo wapigapicha na majumba ya sanaa walipopata sababu ya kuiamini kazi ya wino. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji yeyote ni aina ya wino, na jibu liwe kwa maandishi. Huyu wetu alijibu siku ileile, akataja mashine, wino na karatasi kwa majina, na kuyaandika yote kwenye ankara. Wapo wengine tuliowauliza kabla yake ambao walijibu kwamba wino wao ni "orijino", jibu lisilomsaidia mnunuzi kitu.

Karatasi ndiyo iliyonishinda kuificha furaha yangu. Sisi wa nyanda hizi tunaijua karatasi tangu ikiwa mti: magogo ya misindano hutoka msitu wa kupandwa wa Sao Hill na kwenda Mgololo, wilayani Mufindi, ambako kiwanda hutengeneza karatasi ngumu ya kahawia ya mifuko na maboksi. Ni karatasi imara kwa kazi yake, lakini mti una lignini, gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi zake, na lignini inayobaki katika karatasi hugeuka rangi ikipata mwanga na huzaa asidi inayoila karatasi yenyewe. Ndiyo maana gazeti lililoachwa dirishani huwa la njano ndani ya wiki chache. Chapa za kudumu huchapwa juu ya pamba, au juu ya massa ya mti yaliyosafishwa hadi lignini ikaondoka, kisha hutiwa kiasi cha chokaa cha kupambana na asidi ya hewani. Zetu zimechapwa kwenye Rag Photographique ya Canson, kampuni ya Ufaransa ambayo historia yake ya utengenezaji wa karatasi inaanzia mwaka 1557. Ni pamba tupu, gramu 310 kwa mita ya mraba, na ukiishika kwa mikono miwili pembeni unahisi uzito wa kitambaa kilichopigwa pasi kuliko wa karatasi.

Kuna jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya kabla ya kulipa salio, na ninalipendekeza kwa dhati. Tuliazima kwa wakala wa miamala ya simu, jirani yetu, kile kitaa chake cha kukagulia noti, tukafunga mapazia, tukamulika pembezoni mwa chapa ambako hakuna picha. Karatasi ilibaki na weupe wake wa maziwa, haikung'aa. Tukamulika ankara iliyokuja nayo kwenye kifurushi, ikawaka samawati papo hapo. Mwako huo unatokana na kemikali za kung'arisha, za jamii ileile inayotiwa katika sabuni za unga ili nguo nyeupe zionekane nyeupe zaidi. Katika chapa ya sanaa kemikali hizo ni tatizo, kwa kuwa zikichoka, weupe wa karatasi hushuka na kuelekea njano, na rangi zote zilizopangwa juu ya weupe ule hupoteza mizani. Si kwamba karatasi yoyote yenye kemikali hizo haifai. Zipo za heshima zinazotumia kiasi kidogo. Lakini anayeambiwa kwamba hazimo ana haki ya kuhakikisha, na kitaa cha noti kinatosha.

(Hapo hapo Iringa, Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 ambako watu wenye ulemavu hufanya kazi za mikono, wametengeneza karatasi za mkono, hata kutokana na kinyesi cha tembo. Natamani mpigapicha wetu na watengenezaji wa namna hiyo wakutane, hata kama ni kwa majaribio ya kadi tu.)

Cheti kilichoambatana na kila chapa kinasema itadumu "zaidi ya miaka 100". Maneno hayo si ya uongo, ila yana masharti ambayo muuzaji angetakiwa kuyaandika palepale. Hakuna aliyeitazama chapa ya pigmenti kwa miaka 100. Makadirio haya hutokana na maabara, ya Wilhelm Imaging Research ya Marekani ikiwa ndiyo inayotajwa zaidi, ambako chapa humulikwa kwa taa kali kwa muda, kisha matokeo hugeuzwa kuwa miaka kwa kuchukulia kwamba ukutani chapa itapata mwanga wa lux 450 (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga) kwa saa 12 kila siku. Huo ni mwanga wa chumba chenye staha. Jua la moja kwa moja linaweza kuvuka lux 50,000 kwa urahisi, maana yake ni kwamba saa moja tu ya jua la dirishani inaipa chapa mwanga unaozidi mara tisa ule wa siku nzima ya kipimo. Nasi Mbeya tupo kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu ya mionzi hiyo na kupitisha nyingine nyingi. Mwezi Juni na Julai, anga ikiwa safi na jua likielemea kaskazini, madirisha ya upande huo hulileta ndani kabisa hadi ukuta wa pili. Chapa ya Kitulo tuliiondoa kwenye mapokezi, ambako ingependeza kuliko mahali pengine popote, tukaiweka kwenye korido ya ndani. Muuzaji anayetuma kazi nyanda za juu angetusaidia sana kama angeuliza mapema itatundikwa wapi.

Kuhusu uchapaji wenyewe, sifa ni nyingi. Uwanda wa Kitulo, ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa na wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ni mtihani mgumu kwa mchapaji, maana majani yana kijani za kila namna na kati yake yamesimama maua ya rangi ya chungwa ambayo mashine mbovu huyafanya yafanane na plastiki. Hapa ukisogea hadi hatua moja unaona ncha za maua zikipauka kuelekea njano moja baada ya nyingine, na nyuma yake ukungu unaopanda mlima bila mistari ile ya ngazi ambayo hujitokeza rangi isipopita taratibu. Isimila ni nzuri zaidi kwa macho yangu: nguzo za mchanga zina wekundu, ukahawia na ukijivu wa tabaka kwa tabaka, na karatasi ya pamba, kwa kuwa haina mng'aro, inaufanya mchanga ule uonekane unaweza kupukutika.

Ngosi ndiyo iliyopungua. Karatasi isiyo na mng'aro haiwezi kufikisha weusi mzito kama karatasi yenye mng'aro, na picha hii nusu yake ni msitu wa giza unaoshuka hadi majini. Msitu umetoka wa kijivu cha mkaa, miti imeungana, na maji ya kijani hayakupata giza la kuyainua. Si kosa la mashine, ni chaguo la karatasi. Picha ya namna hii ilitakiwa ichapwe kwenye pamba yenye tabaka la baraita, ambayo ina mng'aro kiasi na weusi wa kina, na muuzaji anayo hiyo karatasi kwenye orodha yake. Kwa kazi za bei hii, mnunuzi anategemea ushauri, si kupokelewa oda tu.

Katika jambo la faili muuzaji alikuwa makini sana. Mpigapicha alimtumia kwanza picha kwa WhatsApp, naye muuzaji akakataa kuzichapa, akaeleza kwamba zimeshabanwa, na akaomba faili halisi kwa barua pepe. A2 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 4,961 kwa 7,016, na ingawa nukta 240 hutosha kwa picha inayotazamwa kutoka upande wa pili wa meza, picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida haikaribii hata nusu ya hizo. Aliyezoea studio ambazo huchapa chochote kinachofika kwenye simu ataona tofauti.

Sasa fremu. Tuliagiza zote tatu zikiwa zimefremiwa, kwa kuamini kwamba anayejua pamba na pigmenti atajua pia kinachoizunguka chapa. Kwa mbele zilivutia: mbao nyeusi nyembamba, pembe zimekutana vizuri, kioo safi. Mwezi Machi, mvua zikiwa zimeshika na asubuhi zikiwa na baridi, kona ya chini ya Ngosi ikaanza kuonesha doa lenye unyevu, kama pametiwa mafuta. Tulipoifungua kwa nyuma tukakuta hadibodi ya kahawia imeegemezwa moja kwa moja kwenye chapa, selotepu pana ya kufungia maboksi imebandikwa juu ya karatasi ya pamba yenyewe pande zote nne, na kwa mbele chapa imekandamizwa kwenye kioo bila nafasi hata ya unyuzi. Kona ile ilikuwa imegandamana na kioo. Ilipobanduliwa, wino wa eneo la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia ulibaki kwenye kioo.

Kila kimoja kati ya hivyo ni kosa linalojulikana kwa yeyote anayefanya kazi hii. Kioo hupoa usiku kuliko hewa ya chumbani, mvuke huganda juu yake, na chapa inayokigusa huunyonya. Ndiyo sababu huwekwa kadibodi nene yenye dirisha lililokatwa katikati, si kwa urembo tu, bali ili kuwe na milimita kadhaa za hewa kati ya karatasi na kioo. Hadibodi ni mbao iliyosagwa na kukandamizwa, ina asidi, na asidi huhama hadi kwenye karatasi safi iliyoiegemea. Selotepu ni mbaya kuliko vyote: gundi yake huingia ndani ya nyuzi, hugeuka kahawia, na karatasi iliyoshikwa pande nne haina pa kutanukia hewa ikiwa na unyevu, hivyo hujikunja mawimbi. Kuuza karatasi ya kudumu ndani ya vifaa hivyo ni kuiondolea sifa ileile iliyolipiwa, na nililieleza hivyo kwa muuzaji bila kuzunguka.

Chapa zote tatu tulizipeleka kwa fundi wa fremu wa Mwanjelwa, kijana makini ambaye kazi zake nyingi ni vyeti vya mahafali na picha za viongozi. Kadibodi isiyo na asidi haikupatikana mjini, tukaiagiza kutoka duka la vifaa vya sanaa Dar es Salaam. Chapa sasa zimening'inizwa kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani vilivyobandikwa juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano aliyoipika mwenyewe kwenye kisufuria, nazo sehemu nyingine zimeachwa huru. "Kumbe nayo inataka kupumua, dada," alisema alipoona karatasi ikijinyoosha yenyewe baada ya kuondolewa selotepu. Fremu zilezile za mbao nyeusi tulizitumia tena, kwa kuwa zenyewe hazikuwa na ubaya, ila alizibandika ndani utepe wa bati laini ili mbao isiguse kadibodi. Kwenye pembe mbili za chini, upande wa nyuma, aligundisha vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta, jambo muhimu hasa kwa kuta za nje ambazo hapa kwetu hutoa jasho masika. Wenye nyumba za Njombe na Mufindi zenye meko ya kuota moto wasishawishike kutundika juu ya meko. Joto na masizi hufanya kwa mwaka mmoja kile ambacho mwanga hufanya kwa mingi.

Nilipomtumia muuzaji picha za uharibifu, alijibu kwa adabu na kwa kitendo. Chapa hizi ni za toleo lenye kikomo, nakala 50 kwa kila picha, zimesainiwa kwa penseli chini ya picha na kupewa namba, na namba ikishatolewa haiwezi kuwa na chapa mbili. Kwa hiyo aliomba Ngosi iliyoharibika ikatwe vipande viwili na ipigwe picha ikiwa hivyo, ndipo akachapa nyingine yenye namba ileile, safari hii kwenye karatasi ya baraita kwa ombi letu, na mpigapicha akaisaini upya. Msitu sasa una giza lake na maji yana kina. Hakulipisha chapa, tulilipa usafiri tu. Gharama ya kufremu upya hakukubali kuirudisha, na hapo naona hakututendea haki.

Bei ilikuwa shilingi 160,000 kwa chapa moja ya A2 bila fremu, na 270,000 pamoja na fremu. Fundi wa Mwanjelwa alitoza 85,000 kwa kila moja, kadibodi ikiwemo. Zile picha za kitambaa za vipande vitano, za simba na maporomoko ya maji, zinazouzwa kwenye maduka ya samani ni nafuu zaidi, na kwa chumba ambacho pazia lake hubadilishwa kila baada ya miaka mitatu sioni ubaya wake. Lakini aliye na laki mbili mkononi na hana haja ya picha fulani mahususi, afikirie pia mchoro halisi. Mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, hadi leo una wachoraji wanaouza kazi za mkono kwa bei isiyopishana sana na hiyo, na mchoro hauna nakala nyingine 49. Sisi tulitaka Kitulo, Isimila na Ngosi kama zilivyo, na kwa hilo chapa ilikuwa jibu sahihi.

Tumeshaagiza nyingine mbili kwa ajili ya chumba cha mikutano, kutoka kwa muuzaji huyohuyo, bila fremu. Chapa isiyo na fremu husafiri ikiwa imeviringishwa ndani ya bomba, na bomba lake la kawaida ni la kadibodi, ambalo kwa safari ya zaidi ya kilomita 800 kwenye buti la basi wakati wa mvua halifai. Ukiomba la plastiki lenye vifuniko analiweka kwa nyongeza ya shilingi 10,000. Ikifika, iache ilale juu ya meza safi chini ya karatasi nyeupe kwa siku mbili kabla ya kuipeleka kwa fundi, na usiguse sehemu yenye wino kwa vidole, maana uso usio na mng'aro hushika alama ambayo haifutiki.